Mahali Tulipomzika Moraa

Ijumaa, Gesima. Jua linakaribia kuzama na Sabato inaingia. Tangu asubuhi kumekuwa na ukungu, ule wa baridi unaolala juu ya majani ya chai usitake kuondoka. Udongo wa kaburi umenata kwenye viatu vyangu. Sijavivua.

Leo tumemzika Moraa, binti wa kaka yangu Omwenga. Alikwenda Ghuba, Uarabuni, kufanya kazi za nyumbani, akarudi ndani ya jeneza. Waliomwajiri walisema alianguka. Alianguka kutoka wapi, akisukumwa na nani au na nini, hakuna aliyetuambia. Mke wangu alipiga simu ubalozini hadi sauti ikamkauka, na kila aliyepokea alimwelekeza kwa mwingine.

Mke wangu ni Bosibori. Ni wakili, na safari hii anagombea ubunge. Mnaosoma ukurasa huu kwa muda mrefu mnamjua, na baadhi yenu mmeshaanza kuniita mume wa mheshimiwa kabla kura hazijapigwa.

Kwenye mikutano yake anasema serikali isiruhusu msichana wetu apande ndege kwenda kufanya kazi katika nchi ambayo haijatia sahihi mkataba wa kumlinda, na pasipoti yake isifungiwe kwenye droo ya mwajiri. Anasema hatuwezi kupeleka askari kutuliza nchi za watu huku nyumbani askari wakiwapiga risasi vijana walioandamana mikono mitupu. Anataka kila mkopo wa nje usomwe bungeni, hadharani, kabla mtu hajaugusa kwa kalamu. Kule Keroka walimpigia makofi hadi madereva wa malori wakashuka kusikiliza.

Halafu anasema binti arithi shamba la babake sawasawa na ndugu zake wa kiume. Anasema kumkeketa msichana ni jinai hata kama anayeshika wembe ni muuguzi mwenye vazi jeupe. Hapo makofi hupungua. Watu huanza kuangalia chini.

Mimi nimeliona hilo tangu mkutano wa kwanza, nikanyamaza.

Moraa aliolewa bila mahari kutolewa. Ndoa ikavunjika, akarudi kwao. Akamwomba babake mistari michache tu ya chai, achume, auze, ajitegemee. Omwenga akamwambia shamba la mwanamke liko kwa mumewe. Wakati huo Moraa hakuwa na mume. Haukupita muda akampata wakala wa kazi za Ghuba pale Keroka, akaenda.

Kaka yangu si mtu mbaya. Najua wengine mtalipinga hilo. Alirudia yale aliyoyasikia kwa baba yetu, na baba aliyasikia kwa babake.

Jana wazee wa ukoo walikuja kwetu. Kwa desturi yetu, binti aliyerudi nyumbani hazikwi ndani ya boma kama kaka zake. Huwekwa pembeni kabisa, karibu na mpaka. Walikuwa wameshachagua mahali chini ya mikaratusi, kule bondeni, ambako hakuna atakayejenga kamwe. Mzee Onchiri ndiye aliyezungumza. Humwita mke wangu mokamwana, yaani mke wa mwana wetu.

"Mokamwana, kesho utapewa kipaza sauti," alimwambia. "Ya Ghuba yaseme yote. Hata serikali itukane ukitaka. Lakini ya boma utuachie sisi. Ukifanya hivyo, ukoo mzima ni wako."

"Nimesikia, baba," Bosibori akajibu.

Nilidhani amekubali. Nikashukuru moyoni, na hilo ndilo linalonisumbua sasa.

Leo akapewa kipaza sauti. Alisema ya Ghuba. Akina mama walilia, wanaume wakatikisa vichwa, na mtu mmoja nyuma akaita, "Mheshimiwa!" Wazee wakatabasamu kidogo. Kisha Bosibori akaliangalia jeneza.

"Kule walimnyima pasipoti," alisema kwa Kigusii, taratibu. "Hapa tulimnyima mahali pa kusimama, na leo tunamnyima mahali pa kulala. Nitakwendaje bungeni kumdai haki yake kwa wageni, ikiwa nimeogopa kuidai kwenu?"

Mzee Onchiri aliinua mkono na jenereta ikazimwa. Bosibori alikuwa bado anasema, lakini tuliokuwa mbali tuliona midomo tu.

Omwenga alisimama. "Shemeji, umenivua nguo mbele ya maiti ya mtoto wangu."

Mimi si msemaji. Kwenye kampeni kazi yangu ni kuendesha gari na kupanga viti. Sijui nilisimamaje. Nilisikia tu sauti yangu ikisema, "Azikwe kwangu." Boma langu limepakana na la kaka, ua tu ndio unatutenga, na nyuma ya nyumba yangu kuna migomba na nafasi ya kutosha.

"Ukimchukua," Omwenga alisema, "usinihesabu tena kuwa ndugu yako."

Ndipo Nyaboke, mama yake Moraa, akainuka. Tangu mwili ulipoletwa kutoka mochari ya Kisii alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alitembea hadi kwenye jeneza, akashika kishikio.

"Mwanangu hatalala mpakani," alisema. "Nani ananisaidia?"

Wanaume hawakusogea. Kwetu wanawake hawabebi jeneza. Bosibori alivua viatu akashika upande wa pili, wakaja na wanawake wengine, wachumaji wa chai wenye mikono migumu, na mimi nikashika mbele. Tulipita kwenye pengo la ua. Mchungaji alisitasita, kisha akatufuata na Biblia yake.

Kaburi lilikuwa halijachimbwa. Tulichimba sisi, kwa zamu, huku mama wa marehemu akisubiri. Sitaki kuandika zaidi kuhusu saa hizo.

Kule bondeni shimo ambalo wazee walikuwa wameshachimbisha lilibaki wazi. Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, hivyo wazee walikata mgomba, wakauteremsha humo na kuufukia. Omwenga alisimama nao. Wakauzika mgomba, na baba wa marehemu akatupa udongo juu yake.

Tuliporudi mbele ya nyumba tulikuta fulana za kampeni zimetundikwa kwenye ua, zile tulizowapa vijana wa ukoo. Nyingine zilikuwa na jasho bado. Walizivua wakaondoka vifua wazi kwenye baridi hii.

Bosibori ameketi nje ananawa miguu. Ameniuliza, "Nimeharibu?"

Nimemwambia sijui. Ni kweli, sijui. Sehemu yangu moja ilitaka anyamaze. Angeshinda, angeingia bungeni, angetunga sheria ya kuwalinda wasichana wengi ambao bado wako hai. Na Moraa angekuwa chini ya mikaratusi, na mimi ningepita pale kila siku nikijiambia ilibidi.

Nimeacha kuandika kidogo. Nimerudi.

Nilimwona Omwenga kupitia dirishani. Alikuwa amesimama kwenye pengo la ua, kofia mkononi, anaangalia kwangu. Nikatoka.

"Ingia, kaka," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

"Kichwa chake mmekielekeza wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa mkono. Akaangalia, akaangalia tena, kama mtu anayejifunza njia. Kisha akavaa kofia akarudi kwake bila kuvuka.

Jumapili tuna mkutano Magwagwa. Bosibori anasema ataanza na shamba la binti, Ghuba itafuata. Nimekwisha kuosha gari. Sijui atakuwepo nani wa kutusikiliza.