Babu Yako Alipokataa Kumpokea Mtoto

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kawajense hatujambo. Babu yako yuko kijijini Mamba, anavuna mpunga. Unauliza kama kwenda na mumeo kwa mshauri ni kuianika ndoa.

Mimi nilimpeleka babu yako ustawi wa jamii nikiwa nimeshafungasha nguo nimwache, maana tangu mama yako azaliwe hakuwahi kumbeba. Mshauri alimpa mtoto. Babu yako akarudi nyuma mpaka ukutani, akamwambia yule mama mshauri:

“Mchukue wewe, mama! Mdogo wangu alinidondoka mikononi, akafa.”

Nilipigwa na butwaa. Miaka minne ya ndoa, sikujua kama aliwahi kuwa na mdogo! Nilidhani hampendi mtoto, kumbe hakuiamini mikono yake.

Mshauri akamketisha mkekani, akampakatisha mama yako taratibu. Nilirudi nyumbani kuzifungua nguo nilizokuwa nimefungasha. Nendeni, mwanangu.

Bibi yako