Mshono wa Upande wa Kulia

Norfolk, Jumapili

Kaka Desmond,

Hatujambo huku. Mawaridi ya mama yamechanua mapema.

Ile ndege ya vita ya zamani tuliyokuwa tukiifufua na wenzangu wa karakana iliruka jana. Unakumbuka ndege kama hizo zilivyopita juu ya shule yetu, mwalimu akanyamaza mpaka mlio uishe?

Mwili wake wa nyuma hufunikwa kwa kitambaa cha kitani, na kukishona ilikuwa kazi yangu. Upande wa kushoto niliumaliza vizuri. Wa kulia niliufumua mara tatu.

Clive, fundi mkuu, akanitania, "Bi Hilda, mshono huu umelewa?"

Nikacheka, kisha nikamwonyesha mikono yangu inavyotetemeka. Daktari anasema haitatulia tena. Ndugu wengine sijawaambia.

Clive akachukua sindano. "Basi kaa hapa, uniambie nikikosea."

Alishona wiki mbili nzima, nami nikimgombeza kama mama mkwe.

Jana, wenzangu walipompungia rubani mkono, mimi niliutazama ule upande wa kulia tu. Kitani kilikazika kama ngozi ya ngoma. Nililia mbele za watu, Desmond, wala sikuona aibu.

Wasalimie wanao.

Dada yako akupendaye,
Hilda