Chai ya Mguu wa Raheli

Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimefika nyumbani Chanzuru saa nane mchana. Likizo ya siku sita! Mpishi mkuu wa hoteli yetu kule Mikumi kanipa kipande cha jibini na kuniazima kisu chake cha mkate. Chake mwenyewe! Kasema kisirudi butu. Mungu ambariki.

Raheli alinipokea barabarani. Alikuja anakimbia — anakimbia! Wiki saba zilizopita nyoka, kifutu, alimng'ata shambani wakati wa kuvuna. Mimi niko Mikumi nakaangia wageni mayai, simu inaingia: mguu umevimba mpaka gotini. Leo ni kovu tu, dogo kama kifungo cha shati. Ahsante Mungu. Sitachoka kuandika hivyo.

Wodini nilimwahidi: ukipona, nitakufanyia wewe na wenzako chai kama ya wageni wangu, na sandwichi. Jumamosi ndiyo siku.

Jumatano, 13 Agosti

Raheli kaandika orodha. Watoto saba. Wa kwanza: Naserian.

Baba Raheli kaisoma, kaiweka mezani, kaenda kuwaangalia kuku. 

Naserian anasoma na Raheli darasa la tatu. Baba yake ni mfugaji. Mwaka jana ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yetu, ekari nzima ikaisha. Na ni yeye huyo huyo aliyesikia yowe la mama mkwe siku ya nyoka, akampakia mwanangu kwenye pikipiki mpaka hospitali Kilosa. Baba Raheli alikuwa mashineni kusaga unga, hana habari. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu... Siandiki.

Jioni nikamuuliza mume wangu kama alishawahi kumshukuru yule mtu. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Nitaanzia wapi, Mama Raheli? Nilimwita mwizi mbele ya mwenyekiti wa kijiji."

Kumbe! Mwaka mzima nadhani naishi na hasira. Kumbe ni aibu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda Kilosa mjini kununua mkate. Kwa makusudi nimenunua leo — mkate wa siku hiyo hiyo hukatika vibaya, wa jana ndio unaokubali kisu.

Nikajaribu slesi mbili, nikakata kingo. Mama mkwe akashika kiuno. Tangu lini mkate ukavuliwa nguo? Nikamwambia ndivyo wanavyokula wageni. Akasema ndiyo maana wamekonda. Lakini zile kingo kazikusanya zote, kachovyea chai, kala. Tumecheka mpaka machozi.

Asubuhi Baba Raheli alikuwa ametoa hukumu. Mtoto aje, baba yake aishie njiani. Sikubishana. Neno "aje" nimelipokea.

Jumamosi, 16 Agosti. Asubuhi

Matango nimekata membamba mpaka unaona mwanga, nikayatia chumvi, nikayakamua kwenye kitambaa. Mayai nimeponda na siagi. Nyingine za karanga iliyosagwa. Jibini ni kidogo, imetosha slesi nne. Siagi ipakwe mpaka pembeni, la sivyo tango linalowesha mkate. Raheli kapaka zote, ulimi nje. Nikakata pembe tatu, nikafunika kitambaa kibichi.

Miaka kumi na moja nakata hizi kwa wageni, nusu zinarudi jikoni. Sijawahi kumkatia mtoto wangu hata moja. Leo nimemkatia sahani nzima. Ahsante kwa mikono hii. Ahsante kwa ule mguu chini ya meza, unaning'inia na kupiga teke kiti.

Jumamosi, saa kumi jioni

Niko jikoni, nimekalia ndoo, nasubiri birika la pili. Lazima niandike!

Wamekuja wote. Goodhope, binti wa jirani, kafungua sandwichi yake kachungulia: "Shangazi, nyama iko wapi?" Kisha kala tano. Naserian kakaa karibu na Raheli, anakula taratibu, pembe kwanza.

Baba yake kamleta na pikipiki. Kasimama nje ya uzio, hakuzima hata injini. Nikamkimbilia na aproni yangu, nikashukuru, nikashukuru tena. Kanitazama, kasema, "Mtoto ni mtoto, mama." Nikamkaribisha. Kakataa kwa upole, atamfuata bintiye saa kumi na mbili.

Mara Baba Raheli katokea nyuma ya nyumba. Kavaa shati la kanisani! Viti viwili mkononi. Hakunitazama. Kapita mezani kwa watoto, kachukua sahani ya matango bila kuomba, kaenda moja kwa moja mpaka kwenye uzio.

Injini imezimwa.

Sasa wamekaa, wamenipa mgongo, sahani kwenye magoti ya mume wangu. Anayeongea ni yeye, kichwa chini. Maneno siyasikii, watoto wana kelele. Mwenzake anaangalia mashamba. Sandwichi hakuna aliyegusa. Anaongea bado. Nikolaus wangu, mtu wa maneno matatu kwa siku!

Birika linafurika. Raheli ananiita, wanataka za mayai tena. Naenda — ngoja. Baba Naserian amenyoosha mkono. Kutoka hapa dirishani sioni kama ni kwenye sahani, au kwa mume wangu. Vyovyote iwavyo, ahsante Mungu.