Maji Yasiyokuwapo

Jumatatu, 3 Machi

Kitinda kapiga simu! Binti yangu wa mwisho, mhandisi wa maji katika mji wa mbali. Si kuniuliza hali — modeli yake ya kompyuta imemshinda. Nikafurahi kama mtoto aliyeitwa kucheza.

Shida yenyewe: Jumanne ijayo watazima pampu kubwa ya mji kutwa nzima, wabadilishe beringi zilizolika. Kabla ya hapo modeli lazima ionyeshe nani atakosa maji, na lini. Mji wote ameuchora kwenye kompyuta: mabomba, nyumba, tangi la mlimani. Anaiamuru pampu izimike saa mbili asubuhi. Inazimika. Saa nne inajiwasha yenyewe.

Nililijua jibu kabla hajamaliza sentensi. Kuna amri ya zamani imelala mahali: tangi likipungua, pampu iwake. Amri mbili zinagombana, ya tangi inashinda. Miaka yote niliyofundisha haya chuoni, kila darasa lilikuwa na mmoja aliyeisahau.

Sikumwambia. Nilisema akague kwanza saa ya modeli, pengine inaanza kuhesabu pasipo mahali pake. Akasema sawa Mama, nitakupigia kesho.

Kesho! Ndilo neno nililokuwa nalitafuta.

Jumanne, 4 Machi

Saa haina kosa. Nimemtuma kwenye vipenyo vya mabomba, kimoja kimoja. Kazi isiyo na mwisho.

Muuguzi anayenihudumia nyumbani alikuwa akinifunga mkanda wa kupimia presha, akasikia mazungumzo yote. Akasema Bibi Mabomba leo ana sauti ya kigoli. Mwenyewe hupenda kunifariji kwamba moyo ni pampu tu. Si kweli. Pampu hubadilishwa beringi. Daktari ameshanieleza kuhusu huu wangu: tuzungumze wiki, tusizungumze miezi. Nimemkataza muuguzi asimwambie Kitinda.

Baada ya maziko ya baba yake alitaka kukaa nami. Sanduku lake lilikuwa wazi hapo sakafuni. Nikamwambia rudi kazini, mimi si yai. Akatii. Mtoto mtiifu naye ana hasara zake. Tangu siku ile ni salamu za Jumapili, fupi, kama kumbukumbu za kikao.

Jumatano, 5 Machi

Ameipata amri ya tangi mwenyewe. Akaniuliza inakuwaje sikuifikiria. Nikasema uzee. Uongo mtupu.

Ila sasa jambo jipya. Pampu imezimika kweli, haijiwashi. Lakini nyumba za mlimani zinaendelea kupata maji yote, hadi jioni, huku presha, tunayoipima kwa mita za maji, ikiwa arobaini chini ya sifuri! Mkuu wake kaangalia safu ya maji tu kwenye jedwali, kafurahi: mlimani hawakosi, malori ya maji ya nini? Ataamua Ijumaa. Na huko mlimani ndiko iliko kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo.

Hili nalo nalijua. Modeli ya namna ile haijui kukosa. Ukiiambia nyumba hii inakunywa kiasi hiki, itainywesha, maji yawepo yasiwepo. Presha ndiyo inayolia peke yake.

Nikamwambia akague vimo vya mlima.

Kisha tukapiga soga. Akanikumbusha mwaka wake wa kwanza chuoni, alipoona kwenye mtihani niliotunga nimechora vali ya kuzuia maji yasirudi — nimeichora inatazama nyuma. Akasema Mama, pampu yako inasukuma ukuta. Alinicheka mwaka mzima. Leo kanicheka tena, kicheko kilekile cha puani. Sikujua kama nilikuwa na kiu nacho namna hii.

Alhamisi, 6 Machi

Uji umenishinda. Nawaona wagonjwa wamefungwa mipira kwenye mashine, bomba linakohoa hewa, kisa bibi mmoja anamtamani bintiye. Nikapiga mimi.

"Usiiambie nyumba inywe kiasi gani. Iambie inywe kwa kadiri ya presha iliyopo. Presha ikiisha, isipate kitu."

Nikasikia vidole vyake vikigonga. Kisha akasema mlimani panakauka saa sita, na kliniki imo.

"Mama, ulijua tangu lini?"

"Hili, jana. Lile la amri, Jumatatu."

"Kwa nini?"

Nikatafuta neno la kitaalamu. Halikuwapo. Nikasema, "Ungeacha kunipigia."

Akakata. Hakubamiza. Alikata taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya.

Jumapili, 9 Machi

Hata salamu ya Jumapili haikuja. Muuguzi kaniuliza nimemkorofisha vipi mwanangu. Nikamweleza. Hakunifariji. Alisema tu, watu wazima nao! — akaenda kuchemsha maji.

Niungame basi, hapa pasipo msomaji. Si uzee, si kusahau. Nilimtaka. Nilimtaka hivyo tangu lile sanduku sakafuni. Bomba nililifunga kwa mkono wangu, kisha nikakaa na kikombe nikingoja.

Jumanne, 11 Machi

Saa mbili. Huko wameshaizima. Nikajikongoja hadi jikoni nikafungua bomba langu. Maji yapo, bila shaka — huu si mji wao. Nikafunga.

Saa saba simu. Nyuma yake ngurumo za malori, mtu anafoka mpira uvutwe huku, si huko. Akasema kliniki inajaziwa maji tangu saa tano, hakuna mgonjwa aliyerudishwa. Habari za Alhamisi hakuzigusa.

Kisha akasema kuna jambo moja limebaki. Kesho wataiwasha pampu. Kwenye modeli inazunguka vizuri, lakini maji hayapiti, mlimani hakuna tone. Aangalie wapi?

Vali. Inatazama nyuma. Anajua! Alijua akiwa na miaka kumi na tisa.

Nikakaa kitako kitandani. Nikamwambia, "Hili gumu, mwanangu. Sijui kama linaelezeka kwa simu."

"Hata mimi naona halielezeki," akasema. "Kompyuta yenyewe ni ya kubeba."

Sasa ameniambia nisikate, simu yake inakufa, anaingia ofisini kutafuta chaja. Naandika huku nimeibana yangu sikioni. Nasikia droo zikifunguliwa. Muuguzi kasimama mlangoni, mikono kifuani, ananitazama — anajua lile la daktari bado sijalisema.

Amerudi. Mama, upo?

Nipo, nimesema. Lakini kabla ya vali, keti kwanza —