Gambuti Moja kwa Daktari wa Tumbo

Mpwa wangu Wambui,

Sasa? Huku Nakuru mvua ilikuwa inanyesha vibaya, lakini iliniona nikishuka Bondeni ikaacha yenyewe.

Leo nimeona daktari wa tumbo. "Mzee, limekusumbua tangu lini?" akaniuliza. "Tangu nipigane na nyati mikono mitupu," nikamjibu. Akacheka. "Na unasahausahau?" Nikaangalia miguu yangu: gambuti moja, kiatu kimoja.

Akaniambia tumbo na ubongo huongea kutwa nzima, na tumbo likiuma miaka mingi, huenda hata sehemu za ubongo zikabadilisha vile zinawasiliana. "Si uvivu, mzee, na si kujifanya."

Nikakukumbuka wewe. Krismasi, mbele ya watu wote, nilisema tumbo lako huuma tu wakati wa kuvuna viazi. Na langu lilikuwa linaniuma nikisema hivyo, nikalificha kwa kucheka.

Njoo wiki ijayo nikupeleke mwenyewe kwa huyo daktari. Kadi hii nimeituma bila bahasha makusudi, ili kila atakayeishika mpaka huko kwenu Kabazi asome: Wambui hakuwa anajifanya. Aliyejifanya ni mimi.

Kunywa uji, mama, upate nguvu.

Mjomba wako,
Njoroge