Bibi Tuliyemwacha Hispania

Al Warqa, Jumamosi, Agosti 2006

Tumerudi huku Uarabuni, na sir, bosi wangu, hajanisemesha toka Hispania. Kwenye lile basi la watalii kazi yangu ilikuwa moja tu, kumwangalia mama yake mzee, mzaliwa wa Unguja.

Miji mitatu kwa siku moja! Mimi niko mbele, namsimulia dereva kwa mikono nilivyolichomoa lori mdomoni mwa kiboko kule Rufiji. Sir akauliza, "Wote wamo?" Nikajibu bila kugeuka, "Wote, sir!"

Bibi tulikuwa tumemwacha msalani, kituo cha mafuta.

Tuliporudi tulimkuta amekaa juani. "Leo umenisahau mie kama mwavuli, baba."

Angenitukana ningepata usingizi.

Kesho sir anaamua kama nirudishwe Tanga. Na mke wangu nimeshamwapia kwamba bwana huyu havuki hata barabara bila mimi.