Kurasa Thelathini na Nane Nyuma ya Kitabu cha Zamu

Jumatano, Al Wakrah, Qatar

Jana jioni nilipoteza kurasa thelathini na nane za maisha ya yule Mzee Mwingereza wa ghorofa ya tisa katika jengo ninalolinda. Kwa miezi mitano alishuka getini kunisimulia: aliwahi kuigiza mfalme, mpishi, hata mjane, na michezo ya redio akaandika mwenyewe. Nami nikaandika nyuma ya kitabu cha zamu, maana mlinzi akikutwa na daftari lake anapewa onyo.

Mbele kikajaa namba za magari. Otieno, msimamizi wetu, akakibeba. Vitabu vya zamu vikijaa huchanwa.

"Kwani ulikuwa unalinda ama unatunga?" akauliza mbele ya wenzangu.

"Vyote, bosi. Na hakuna gari limewahi kunipita."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Mzee anarudi kwao Ijumaa, na kumbukumbu zinamtoka. Leo ameniuliza mara mbili alikuwa nani katika mchezo wake wa kwanza. Nikamwambia mpishi. Sina hakika.

Nimemwandikia Otieno: kitabu kipo au kimechanwa? Nijibu kesho kabla ya saa sita mchana, na usiniambie tutaona.